Hivyo, au Hao?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, kwa Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, na kwa Tume ya Kurekebisha Sheria

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Ng'ambo, Tabora. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Nimeshika chaki miaka thelathini na mmoja, na si ajabu katika ofisi zenu yumo niliyempa sifuri kwa kuchora seli ya mmea bila ukuta wake. Kama yumo, naomba awaambie wenzake kwamba huyu mama haandiki barua kila siku.

Nina mjukuu wa miaka saba mwenye selimundu. Sisi mtaani twasema sikoseli. Aliyewahi kulala na mtoto wa namna hii hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: baridi ya Juni ikishuka, au akicheza mpira juani bila kunywa maji, chembe zake nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba njia ya damu. Usiku wa manane namkuta amekunja magoti, anauma pindo la kanga yangu ili asipige kelele, kwa kuwa ameshajifunza kwamba kelele hazisaidii. Tunapanda bodaboda hadi hospitali ya Kitete. Dripu, dawa ya maumivu, mara nyingine kuongezewa damu. Wataalamu wetu wanakadiria kwamba watoto kama 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka. Nchi zinazotuzidi duniani zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwaka juzi tulimpeleka Dodoma, maana tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hilo ni jambo la kujivunia na nalisema bila kubana midomo. Ila uloto hautafutwi dukani. Kwa kawaida hutoka kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na sharti vinasaba vya kinga vifanane. Kila ndugu ana nafasi moja kwa nne. Mjukuu wangu ana ndugu wawili. Walipimwa, hakuna aliyefanana naye. Tukarudi nyumbani.

Wifi yake binti yangu anaishi Muscat. Aliposikia habari akapiga simu: huko nje kuna njia nyingine. Mayai ya mama na mbegu za baba vinakutanishwa maabara, viinitete vinapimwa kimoja kimoja, kinachaguliwa kile kisicho na ugonjwa na kinachofanana na mgonjwa, kinapandikizwa. Mtoto akizaliwa, damu ya kitovu chake inamtibu nduguye. Wifi hakubuni. Mwaka 2000 huko Colorado, Marekani, alizaliwa Adam Nash kwa njia hiyohiyo, na damu ya kitovu chake ikawekwa kwa dada yake Molly aliyekuwa na upungufu wa damu wa kurithi.

Nikachukua daftari. Baba na mama wote wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu, kwa hiyo nafasi ya kiinitete kuepuka ugonjwa ni tatu kwa nne. Nafasi ya kufanana na mgonjwa ni moja kwa nne. Kinasaba cha selimundu kimo katika kromosomu ya 11, vile vya kufanana vimo katika ya 6, havifuatani, basi zidisha. Tatu kwa kumi na sita. Nikawaonyesha waliokuwepo sebuleni: kwa wastani, katika viinitete kumi na sita, vitatu vinafaa.

"Na hao kumi na watatu?" akauliza dada yangu.

"Hivyo kumi na vitatu," kaka akamsahihisha.

Pakawa kimya. Nimefundisha sarufi kidogo pia, walimu walipopungua, na nawaambia sijawahi kusikia ngeli ikigawa nyumba namna ile.

Dada ni mkunga mstaafu, Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Kaka alisilimu alipooa, na sasa ndiye anayetukumbusha sote tarehe za mwezi. Nyumba kama yetu Tabora haishangazi mtu. Dada anashika mafundisho ya Kanisa lake, yaliyoandikwa wazi mwaka 1987 na kurudiwa mwaka 2008: kiinitete kinastahili heshima ya mtu tangu kutungwa, na kukiharibu kwa ajili ya utafiti ni kosa hata kama utafiti wenyewe ni mwema. Lakini hakutaja waraka wowote siku ile. Alisema, "Nimepokea watoto sijui elfu ngapi. Sijapokea hata mmoja ambaye hakuanzia pale." Kaka naye akaleta hadithi ya Mtume inayojulikana, ya arubaini tatu, roho kupulizwa siku ya 120, na kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita lilipokutana Makkah Desemba 2003 liliruhusu viinitete vilivyobaki katika matibabu ya uzazi vitumike kwa utafiti na tiba, wenyewe wakiridhia na pasipo biashara. Wote wawili ni watu wa dini na wanampenda mtoto yuleyule.

Kiswahili kina tabia yake katika jambo hili. Yai ni hili. Likianguliwa, kilichotoka ni kifaranga huyu, ingawa jina limeanza na ki- kama kiti na kikombe. Kiumbe huyu, kichanga huyu, kipofu huyu: penye uhai wa nafsi, tunaiacha ngeli ya vitu na kuhamia ngeli ya watu na wanyama. Je, kiinitete? Vitabu nilivyofundishia viliandika "kiinitete hiki" na sikuwahi kujiuliza. Sasa, mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na Kiswahili kikawa lugha ya sheria zetu na ya mahakama. Maana yake, siku atakapokaa mwandishi wenu kuandika muswada wa viinitete, itambidi aandike "kiinitete ambacho" au "kiinitete ambaye". Hatapata pa kujificha. Kila kitenzi kitamdai jibu. Barua hii nawaandikia ili asije akajibu peke yake, saa kumi jioni, akiwa na haraka ya kuwahi foleni.

Maana hao au hivyo kumi na vitatu vina njia nne. Vitagandishwa, vitatupwa, vitatolewa kwa wanandoa wengine, au vitatolewa kwa watafiti. Njia ya nne ndiyo iliyozua ugomvi wa dunia nzima. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichukua viinitete vilivyotolewa na watu waliokuwa wakitafuta uzazi, vya siku kama tano, mpira wa seli mia moja hivi, akatoa seli za ndani na kuzikuza maabara. Hizo ndizo seli shina za kiinitete: zinaweza kugeuka moyo, neva, kongosho, chochote mwilini. Kuzitoa kunakiua kiinitete. Rais Bush wa Marekani alizifungia fedha za serikali mwaka 2001 asiruhusu ila zilizokwisha kutolewa. Obama akalegeza mwaka 2009. Waingereza walikuwa wameshajenga uzio wao: tume ya Mary Warnock mwaka 1984 ilipendekeza siku 14 ndizo ziwe mwisho, kwa kuwa karibu na siku hizo unachomoza mstari wa kwanza wa mwili na kiinitete hakiwezi tena kugawanyika kuwa mapacha. Sheria ikafuata mwaka 1990.

Siku 14 ni uzio uliochaguliwa na watu, na tayari wapo watafiti wanaotaka usogezwe mbele. Nilipokuwa nafundisha ukuaji wa mimba nilichora hatua ubaoni kwa chaki za rangi, na wanafunzi waliuliza kila mwaka, mwalimu, mtu anaanza wapi? Nilikuwa najibu kwamba swali hilo halitoki kwenye mtihani. Leo limetoka.

Dada akiona nasita huniambia kwamba sayansi yenyewe imeshaukimbia ugomvi huu. Ana hoja. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi yaweza kurudishwa utotoni ifanye kazi ya seli shina bila kugusa kiinitete; akapewa Nobel mwaka 2012. Na dawa mpya ya selimundu, Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, inatengenezwa kwa seli shina za mgonjwa mwenyewe. Hakuna kiinitete humo. Lakini kaka naye ana yake: mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 wa kisukari cha utotoni waliowekewa seli zilizokuzwa kutokana na seli shina za kiinitete, na baada ya mwaka mmoja 10 kati yao walikuwa hawachomi tena insulini. Anayemjua mtoto anayejichoma sindano mara nne kwa siku katika kijiji kisicho na jokofu hawezi kulipita jambo hilo kama habari ya magazeti.

Tulipokuwa katikati ya mabishano, binti yangu, mama wa mtoto, akaingia na sinia la chai. Akasema, "Mnayagawa mayai yangu kama mayai ya kuku wa bibi. Hakuna aliyeniuliza."

Waheshimiwa, mkisahau yote niliyoandika, shikeni hilo. Yai halidondoki lenyewe kwenye kikombe cha maabara. Mwanamke huchomwa homoni siku kadhaa, huingizwa sindano hadi kwenye kifuko cha mayai, na wapo wanaougua kwa hayo. Mwaka 2004 na 2005 Hwang Woo-suk wa Korea Kusini alishangiliwa duniani kwa kudai ametengeneza seli shina kutokana na viinitete vya binadamu vilivyonakiliwa. Ulikuwa uongo. Nilichokiona kibaya zaidi ya uongo ni kwamba mayai yenyewe yalikuwa ya kweli, mengine yalinunuliwa, na mengine yalitoka kwa wasaidizi wa maabara yake, wasichana ambao kumkatalia bosi si jambo jepesi. Lengo lilikuwa kuponya waliopooza.

Mji wetu unajua jambo hili kuliko miji mingi. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo hadi hapa, kisha Ujiji upande mmoja, Karagwe na Buganda upande mwingine. Pembe ziliteremka pwani, vitambaa, shanga na waya vikapanda, na Wanyamwezi ndio waliobeba. Binadamu pia aliteremka, na bei yake ilijulikana. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, amezikwa Adrian Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu, aliyetekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akanunuliwa na Mapadri Weupe ili awe huru, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu hadi alipofariki 1956. Nampenda Atiman, kama kuna mtakatifu wa zahanati, ni yeye. Lakini hata wamisionari wenyewe waliulizana: tukinunua mtoto ili kumkomboa, je, muuzaji hatakwenda kuteka mwingine? Soko haliulizi nia ya mnunuzi. Ndiyo sababu, anapotokea mtu kusema mayai au viinitete vikinunuliwa kwa ajili ya tiba si vibaya, mimi wa Tabora nywele zinanisimama.

Kwa sheria tulizo nazo, je, nani atamzuia? Kanuni ya Adhabu inasema mtoto anakuwa mtu anapotoka akiwa hai katika mwili wa mama yake. Iliandikwa na Waingereza miongo kadhaa kabla ya Louise Brown, mtoto wa kwanza wa maabara, kuzaliwa mwaka 1978. Hakuna aliyewazia kiinitete kisichokuwa ndani ya mama yeyote. Sheria ya Vinasaba ya 2009 inahusu sampuli na vipimo. Na matibabu ya uzazi kwa njia ya maabara yameshafika nchini, majokofu yameshawashwa, bila sheria mahsusi ya Bunge inayosema nani mwenye kauli juu ya kilichogandishwa wanandoa wakiachana, mmoja akifa, au wakiacha kulipa ada. Jirani zetu nao hawajamaliza, ila wameanza: Kenya, mbunge Millie Odhiambo ameupigania muswada wa namna hiyo zaidi ya miaka kumi, Uganda, ambako kliniki moja ya Kampala ilipata mtoto wa maabara tangu 2004, nao wamepeleka muswada bungeni. Afrika Kusini sheria yao ya afya ya 2003 inaruhusu utafiti kwa kiinitete kisichozidi siku 14, kwa kibali cha waziri na ridhaa ya wenyewe. Sisemi tuige. Wao angalau wamesema.

Sheria ikinyamaza, wafanyabiashara hawanyamazi. Mwezi wa tatu katika ukumbi mmoja hapa mjini alikuja kijana wa suti na maikrofoni akiuza pakiti za unga aliouita seli shina za tufaha. Zinatibu presha, kisukari, ugumba, na ndiyo, sikoseli. Pakiti laki mbili na nusu. Ukileta watu wawili, unapunguziwa. Jirani yangu aliuza magunia mawili ya karanga akanunua, akamwachisha mwanawe mwenye sikoseli dawa ya haidroksiyurea, na baada ya miezi miwili mtoto alikuwa wodini anaongezewa damu. Nilijaribu kumweleza kwamba seli ya tufaha ukiimeza inasagwa tumboni kama tufaha lenyewe, na kwa bei hiyo angekula matobolwa mwaka mzima. (Wageni: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula cha safari, wazee husema ndiko lilikotoka jina la mji huu.) Akanijibu, "Mwalimu, yule kijana alitueleza kwa Kiswahili. Hospitali hawatuelezi."

Sikuwa na la kumjibu. Mjukuu wangu ametolewa damu kwa utafiti mara moja, na najua NIMR inadai mkataba kabla sampuli haijavuka mpaka. Nawashukuru kwa hilo. Lakini mkataba huo ni wa taasisi na taasisi. Casgevy inauzwa Marekani dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Damu ya wenye ugonjwa inateremka kwa njia iliyopita pembe, na kinachopanda kurudi huku, hadi sasa, ni unga wa tufaha.

Naomba hivi. Andikeni sheria kabla majokofu hayajajaa. Yai, mbegu na kiinitete visiwe na bei, wala bei iliyojificha kwenye "nauli" na "posho". Mwanamke aulizwe kwa lugha anayootea ndoto, na aulizwe mara mbili: kabla ya sindano, na tena kabla hakijatolewa kilichobaki. Juu ya utafiti wenyewe mimi si dada wala si kaka. Nisingeweza kutoa kiinitete cha ukoo wangu kikafumuliwe maabara. Nalijua hilo tumboni kuliko kichwani. Wala sioni haki ya kumwekea mama mwingine, mwenye imani nyingine, tumbo langu kuwa sheria. Mkiniuliza, ningeruhusu kwa uzio mfupi, kilichokwisha kuachwa na wenyewe tu, na kamwe kisitengenezwe kiinitete kwa nia ya kukivunja. Dada akisoma hapa atanuna hadi Jumapili.

Lakini njooni mtuulize. Msiishie ukumbi wa hoteli Dar es Salaam. Mji huu Januari 1958 TANU walibishana siku kadhaa juu ya kura tatu, jambo ambalo wengi walilichukia, na mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha baiolojia pale St. Mary's akawashawishi. Tunauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka kuanzisha chama chake. Ila hakutoka mtu akisema hakuulizwa. Leteni padri, shehe, mkunga na wazazi wa watoto wa sikoseli, muwakalishe siku mbili. Atakayeandika muswada awepo, asikie kwa masikio yake nani anasema hivyo na nani anasema hao.

Kuna jambo moja lisilo na ugomvi, na haliwezi kungoja muswada. Damu ya kitovu imejaa seli shina. Tangu Éliane Gluckman alipoitumia Paris mwaka 1988 imeponya watoto wengi, wenye selimundu wakiwemo. Si dada, si kaka, si maaskofu wala masheikh wanaoikataa, maana hakuna anayekufa ikichukuliwa. Dada anasema katika miaka yake yote ya ukunga aliifunga kwenye kanga pamoja na kondo akawapa wenyewe wakazike, kama ilivyo desturi. Kitovu changu kiko chini ya mwembe huu, hapa ninapoandikia.

Binti yangu hakwenda Muscat. Alituacha tukibishana, na mwezi wa Machi akatuambia kwamba ni mjamzito, kwa njia ya zamani. Hesabu ni ileile, tatu kwa kumi na sita kwamba atakuwa mzima na atafanana na kaka yake, ila safari hii kura ni moja tu na hakuna atakayeachwa kwenye jokofu. Ni moja kwa nne pia kwamba atazaliwa na sikoseli kama yeye. Dada anasali, kaka anasali, mimi naandika barua.

Atajifungua Novemba, Kitete, Mungu akijalia. Naomba mnijibu kabla ya hapo. Je, kitovu tukizike, au yupo mtu atakayekuja na chupa?

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Ng'ambo, Tabora